Kitayosce, Tabora United, sasa TRA United: timu bado ni yetu au tumebaki na uwanja?

#1 MtuWaIsevya
Wakuu, habari za jioni.

Nina swali, na wale wenye timu zao za Kariakoo, Simba na Yanga, naomba wasome kwanza kabla ya kurusha madongo. Timu hii ilitufikia ikiitwa Kitayosce. Tukaizoea, ingawa mtaani kwetu kila mtu alikuwa na matamshi yake. Ikawa Tabora United, tukashukuru Mungu kwamba sasa tuna jina letu. Leo ni TRA United, timu ya Mamlaka ya Mapato. Nyota wetu Chikola ameshaenda Yanga. Makocha ndio usiseme, wanapita kama abiria wa treni ya Kigoma: wanashuka stesheni, wanakunywa chai, kengele ikilia wanapanda.

Sina ugomvi na jina jipya. Ninachojiuliza ni hiki. Tarehe 7 Novemba 2024 nilikuwa kibanda umiza hapa Isevya tunaangalia mechi yetu na Yanga kule Chamazi. Tulijaa mle ndani mpaka watu wamekalia ndoo, na karibu wote Yanga. Tulipofunga la kwanza nilisimama peke yangu, na mwenye kibanda akapunguza sauti. La pili tukasimama watatu. La tatu sikuhesabu tena. Mpira umeisha 3-1, watu wale wale wa Yanga wanatoka nje wanaambiana "sisi Tabora bwana, hatuchezewi". Sisi!

Hilo "sisi" msimu huu litakuwepo? Na kikosi mnakionaje? Mimi natabiri nafasi ya 6 mpaka ya 10. Karibuni.

#2 Mgebuka255
Mmebaki na uwanja na miembe. Timu yenye mwenyewe iko huku Kigoma, mwisho wa reli.

#3 Mzee wa Cheyo
Mgebuka255, zamu yako inakuja, usiwe na haraka.

MtuWaIsevya, mwanangu, unahesabu kuanzia Kitayosce kana kwamba kabla ya hapo Tabora tulikuwa tunacheza bao. Milambo ilikuwa ligi kuu miaka ya 90. Baadaye wakaja Rhino Rangers, vijana wa jeshi, na jina lao lilitokana na Brigedi ya Faru iliyopo hapa hapa. Hakuna aliyewabadilisha jina hata herufi moja. Wako wapi leo? Timu inaweza ikabaki na jina lake zuri na ikafa nalo.

#4 BekiMstaafu
Rhino nawakumbuka. Walikaa ligi kuu misimu miwili kama sikosei, shida yao ilikuwa mbele, hawana mfungaji.

#5 Mzee wa Cheyo
Unakosea. Msimu mmoja tu, 2013/14. Walipanda na wakashuka msimu huo huo pamoja na Ashanti United na JKT Oljoro. Nilikuwa natoka Cheyo kwa miguu kila mechi ya nyumbani, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu.

#6 BekiMstaafu
Sawa mzee wangu, shikamoo. Mmoja.

#7 NjeYa18
Mimi nafurahi na sitajificha. Kwa mpira wetu wa Tanzania timu ya mtu mmoja inakufa siku mtu huyo akichoka, au akigombana na mwenzake. Angalia wanaodumu bila kelele: Prisons ina Magereza, JKT Tanzania ina JKT, Mashujaa ina jeshi. Hawachukui ubingwa, lakini kila Agosti wapo. Mchezaji anajua tarehe ya mshahara. Mnakumbuka tulivyoanza ligi kuu 2023? Aibu ile nani anataka irudi?

Nawapa tano bora. Nimemaliza.

#8 DogoWaKiloleni
Aibu ipi hiyo? Ile ya wachezaji kugoma kule Chamazi?

#9 NjeYa18
Hawakugoma dogo. Agosti 2023, mechi ya kwanza kabisa, Azam na Kitayosce. Usajili na vibali vya wachezaji wengi vilikuwa havijakamilika, wakaruhusiwa wanane tu. Wanane! Wakaingia hivyo hivyo.

#10 BekiMstaafu
Naongezea. Wawili wakaumia, wakabaki sita, na sheria inataka wasiopungua saba. Refa akamaliza mpira hata nusu saa haijafika. Ilikuwa 4-0 tayari, na Fei Toto wa Azam peke yake alishafunga tatu. Mimi nilichelewa dakika ishirini kuwasha redio, nikakuta wanapiga muziki. Nikajua umeme umekatika Chamazi.

#11 Mgebuka255
Hahaha, hat-triki ya kabla ya matangazo ya biashara.

#12 FundiCherehani
Wakuu mimi nina kesi yangu binafsi kwenye hili.

Baada ya kuwafunga Yanga niliona riziki. Nikaagiza kitambaa Mwanza, nikashona jezi 40, nikabandika maandishi kwa mashine ya joto: TABORA UNITED kifuani. Kumi na moja nikaziweka na CHIKOLA mgongoni, maana kila kijana aliyepita dukani alikuwa anaulizia hiyo. Nikauza 9 za kawaida. Nikasema hizi nyingine zitaondoka taratibu, msimu ujao upo.

Sasa jina limeondoka na Chikola ameondoka. Nina jezi 31 kwenye kiroba. Mke wangu ameshaniuliza mara mbili kama kiroba hicho kinalipa kodi ya pango.

#13 Mgebuka255
Umetengeneza jezi za timu bila kibali cha mwenye timu, na leo mwenye timu ni TRA. Kaka, nenda mwenyewe kabla hawajaja.

#14 MtuWaIsevya
Fundi futa hiyo posti haraka 😂😂

#15 FundiCherehani
Namba ya mlipakodi (TIN) ninayo jamani, msinitishe. Na risiti natoa.

Ila kuna kitu nataka niwasimulie. Juzi nilikaa na jezi moja nikaiangalia vizuri. T-A-B-O-R-A. Ukitoa A, B na O za katikati, kinachobaki ni T-R-A. Wallahi! Nikachukua pasi na karatasi, nikazibandua zile tatu moja moja. Zimetoka, lakini gundi imeacha alama kwenye kitambaa, ukisogea karibu unaisoma ABO kama kovu la ndui. Kwa mbali ni "T", pengo, "RA UNITED". Yaani kama mtu aliyeng'olewa meno ya mbele.

#16 Mzee wa Cheyo
Kwa hiyo jina lilikuwa humo ndani siku zote, tulikuwa tumelizidishia herufi.

#17 DogoWaKiloleni
Nimecheka mpaka bosi kaniangalia. Fundi weka picha.

#18 Mpitanjia
Nipo hapa nasoma maoni.

#19 ShabikiWaSingida
Majirani, mimi sicheki, nawaonea huruma kwa sababu tumepita njia hiyo. Sikilizeni hadithi yetu. Singida United ilipanda, ikasumbua, ikashuka. Ikaja DTB, ikageuzwa Singida Big Stars. Mwaka 2023 ikawa Singida Fountain Gate. Mwaka uliofuata ikatoa neno Singida, ikabaki Fountain Gate, ikahamia Babati. Tukabaki tunashangaa. Mwaka huo huo Ihefu ya Mbarali ikaletwa kwetu ikaitwa Singida Black Stars. Tukafurahi, lakini mimi nina rafiki Mbarali, huyo ndiye aliyekuwa analia safari hii.

Ninachotaka kusema: jina la mkoa likitoka kwenye timu, kamba iliyoifunga timu na mkoa imekatwa. Leo mko nayo. Siku wakubwa wakiona Dodoma au Dar ni karibu zaidi na ofisi, mtaizuia kwa kitu gani?

#20 NjeYa18
ShabikiWaSingida hoja yako nzuri ila unajichanganya. Fountain Gate ilikuwa na neno Singida na ikaondoka vile vile. Jina la mkoa halikuizuia. Kwa hiyo kamba unayoisema haikuwepo tangu mwanzo.

#21 ShabikiWaSingida
Hapo umenipata kidogo. Kidogo.

#22 MwalimuKaliua
Naomba nirekebishe kitu ambacho watu wengi humu wanakipita. Kitayosce yenyewe haikuzaliwa Tabora. Ni timu ya Moshi, ikahamia kwetu ikiwa daraja la chini, na ikapandia hapa. Kwa hiyo yupo mtu wa Moshi mahali fulani ambaye tulipokuwa tunaruka ruka mwaka 2023 yeye alikuwa anauliza swali hili hili la MtuWaIsevya. Sikumbuki kama kuna mtu wa Tabora aliyempa pole.

#23 MtuWaIsevya
Mwalimu hapo umenipiga chini ya mkanda. Lakini kweli. Sikumpa pole mtu.

#24 MamaAsali
Wanangu hamjambo. Mimi mpira siujui sana, ila pale nje ya Ali Hassan Mwinyi nakaa kila mechi na beseni langu: karanga, matobolwa ya viazi vitamu, na asali ya chupa ndogo. Mnaongea jina, mie nawaambia ninachokiona.

Siku ya Simba au Yanga karanga zinaisha kabla ya mapumziko, na watu wamevaa nyekundu au kijani na njano tangu saa nne asubuhi, wengine wametoka Nzega, Urambo, Sikonge na malori. Siku ya Namungo au KMC narudi nyumbani na nusu beseni. Wanaokuja siku hizo ni wale wale. Nawajua kwa sura. Kuna mzee mmoja ananunua matobolwa ya mia tano, anakaa upande ule wa jua, hasemi kitu mpaka mwisho. Yule ndiye mwenye timu kwa macho yangu. Jina ameliuliza? Hajaliuliza.

#25 Mzee wa Cheyo
MamaAsali, upande wa jua ni kwa sababu upande wa kivuli bei ni nyingine.

#26 MamaAsali
Kumbe ni wewe!

#27 DogoWaKiloleni
😂😂😂 Mzee amepatikana.

#28 BekiMstaafu
Turudi kwenye uwanja wenyewe, kikosi. Hapa hakuna mtu anayezungumza mpira.

Nieleweni vizuri: msimu wa 2024/25 Yanga walichukua ubingwa wakiwa wamefungwa mechi mbili tu za ligi. Moja Azam, moja sisi. Hiyo si bahati. Siku ile tulicheza mpira wa kujua tunachotaka: tunawaachia mpira, tunaziba katikati, tukiunyang'anya unaenda haraka pembeni kwa Chikola. Kafunga mawili, Munganga moja. Wiki iliyofuata kocha wao Gamondi akaondoka Yanga. Halafu tukaingia mzunguko wa pili tukaonekana watu wengine. Februari Simba wanakuja hapa nyumbani wanatupiga 3-0. Aprili Yanga nao wanakuja kulipa kisasi, 3-0. Timu ile ile!

Swali langu kwa wataalamu: nini kilitokea hapo katikati? Maana mkilijibu hilo ndiyo tutajua msimu huu unakuwaje.

#29 NjeYa18
Makocha. Hesabu na mimi: Kopunovic, Kimanzi, Anicet, Mangombe. Hao ni misimu miwili, na sijaweka wa kukaimu. Kila mmoja ana mpira wake. Mchezaji akianza kuelewa kukaba kwa eneo, anakuja mwingine anataka mtu kwa mtu.

#30 DogoWaKiloleni
Sio makocha. Anicet mwenyewe alikuwa mgeni kabisa tulipowafunga Yanga, hakuwa na muda wa kufundisha chochote. Mimi nasema tulishtukiza mara ya kwanza, mara ya pili wakatusoma. Kila timu ikija inamwekea Chikola watu wawili, na sisi hatuna njia ya pili.

#31 Mgebuka255
Mganga wenu hakumaliziwa malipo.

#32 BekiMstaafu
Mgebuka acha. Dogo una hoja. Lakini Makambo tulikuwa naye, mtu aliyefunga sana akiwa Yanga. Unapokuwa na straika mwenye jina vile halafu mpira wote unapita pembeni, kuna kitu hakijapangwa. Mimi naona tatizo ni usajili wa majina. Tunachukua mtu kwa sababu aliwahi kuvaa jezi ya Yanga. Makambo, Yacouba… wote wachezaji wazuri, siwasemi vibaya, ila unawachukua wamekwishakuwa na safari ndefu miguuni. Yacouba na majeraha yake kila mtu anajua.

#33 MtuWaIsevya
Lakini majina hayo ndiyo yaliyowafanya watoto wa mtaani kwangu waanze kuja uwanjani. Mpwa wangu alikuja kumwona Makambo, akabaki kwa ajili ya Chikola.

#34 BekiMstaafu
Na sasa Chikola hayupo, mpwa yuko wapi?

#35 MtuWaIsevya
Ameomba jezi ya Yanga 😐

#36 FundiCherehani
Mwambie zangu zipo, jina la mgongoni ni lile lile.

#37 SautiYaGongoni
Mnazunguka. Hakuna aliyetaja pesa za mlangoni. Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi ni wa CCM, kama ilivyo mingi mikoani. Timu inaukodi ili icheze, kwa hiyo kila mechi kuna mgao unaotoka kabla timu haijanusa. Timu isiyo na uwanja wake, isiyo na wanachama wanaolipa ada, inaishi kwa nini? Kwa mdhamini na kwa kuuza wachezaji. Kwa hiyo Chikola kuuzwa si usaliti, ndiyo biashara yenyewe. Kosa ni kumuuza bila kuwa na Chikola mwingine nyuma yake.

Mimi ningekuwa kiongozi ningefanya kimoja tu: timu ya vijana, ya kweli, ikae hapa hapa Tabora. Tuna shule kubwa kongwe, watoto wanacheza kwenye viwanja vya vumbi kila jioni kule Kiloleni na Ipuli, na hakuna mtu anayekaa pembeni na daftari.

#38 NjeYa18
Sauti, umeandika vizuri. Ila timu ya vijana inaiva baada ya miaka mitano, na ligi ina mechi 30 tu. Ukiwa wa 15 au 16 unashuka moja kwa moja. Ukiwa wa 13 au 14 unaingia mchujo. 2023/24 tuliingia huko na tukaponea kwa Biashara United ya Mara kwa jasho. Kiongozi gani atalala usingizi akisubiri watoto wa Ipuli?

#39 SautiYaGongoni
Ndiyo maana kila mwaka tunarudi kwenye uzi huu huu.

#40 Mgebuka255
Haya, zamu yangu. Mzee wa Cheyo aliniahidi.

Sisi Mashujaa tulipanda mwaka ule ule mmoja na nyie, 2023, tena kwa njia ngumu ya mchujo, tukamng'oa Mbeya City. Hatujabadilisha jina. Uwanja ni Lake Tanganyika. Aprili 2024 Simba wakaja kwenye kombe la shirikisho, tukawafunga 6-5 wakarudi na ndege yao kimya. Wachezaji wetu wengi hamuwajui kwa majina, na hiyo ndiyo siri. Hakuna nyota wa kuondoka naye. Ukimtoa mmoja, anaingia mwingine mwenye nywele fupi kama yule.

#41 BekiMstaafu
6-5 ni penalti, usiwadanganye watoto. Dakika tisini ilikuwa 1-1.

#42 Mgebuka255
Simba alitoka au hakutoka?

#43 BekiMstaafu
Alitoka.

#44 Mgebuka255
Asante.

#45 Mzee wa Cheyo
Mgebuka, unachojisifia leo ndicho tulichokuwa nacho sisi na Rhino. Timu ya jeshi, nidhamu, nywele fupi, hakuna nyota. Nami nilikuwa nasema kama wewe. Jeshi halifi, kweli, lakini timu ya jeshi inashuka kama timu nyingine yoyote. Usikasirike, nakupenda.

Na kitu kingine. Fainali ile ya kombe la shirikisho ya 2021 mliletewa Kigoma, Simba na Yanga, goli la Taddeo Lwanga. Nilikuja kwa treni. Mji mzima ulikuwa nyekundu na kijani. Siku hiyo hiyo nilijiuliza hawa wote wanaolala stesheni, wangejaa kiasi gani kama ingekuwa timu ya Kigoma? Sikupata jibu, nikanunua dagaa nikarudi.

#46 KijanaWaUjiji
Mzee umeongea. Mimi ni wa Kigoma na nakiri: mechi ya Mashujaa na timu ya katikati ya msimamo, ukiwa Ujiji ukauliza leo kuna nini, watu wanajibu hakuna kitu. Simba akija, mtu anauza mbuzi.

Ila kuna kitu mnakisahau ninyi mnaolinganisha, nacho ni umbali. Toka Dar mpaka huku kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Timu ikija Kigoma imechoka, na sisi tukienda tumechoka mara mbili, maana ugenini kwetu ni kila mahali. Jirani wa karibu ni nyinyi Tabora, na bado ni usiku mzima njiani. Timu yenye pesa inapanda ndege, inafika na miguu. Kwa hiyo msidharau mdhamini. Miguu ya dakika ya 70 inanunuliwa.

#47 NjeYa18
"Miguu ya dakika ya 70 inanunuliwa." Nimeiandika ukutani.

#48 Mgebuka255
KijanaWaUjiji wewe uko upande gani?

#49 KijanaWaUjiji
Upande wa mgebuka wa kukaanga kwa mawese. Mengine baadaye.

#50 MamaAsali
Mwanangu wa Ujiji ukija niletee mawese, nitakupa asali. Asali ya miombo, si ile ya kuchemsha na sukari.

#51 KijanaWaUjiji
Lita ngapi mama?

#52 MtuWaIsevya
Jamani uzi ni wa mpira 😂

Najaribu kufupisha tulipo… hapana, siwezi. Kila mmoja kanipa sababu yake na zote naziona. Niulize tu kwa wepesi: nani kati yenu ataenda mechi ya kwanza nyumbani, na atavaa nini?

#53 NjeYa18
Naenda. Nitanunua jezi mpya, halali, na risiti nitadai.

#54 SautiYaGongoni
Naenda. Shati la kawaida mpaka nione timu ya vijana.

#55 DogoWaKiloleni
Naenda ila siku ya kwanza nikikuta foleni ya makadirio ya kodi mlangoni narudi.

#56 Mzee wa Cheyo
Mimi mnajua nitakapokaa.

#57 BekiMstaafu
Naenda na daftari. Nataka nione kama kocha ana njia ya pili mpira ukizibwa pembeni. Mechi tatu za kwanza zikipita bila njia ya pili, nawaambia mapema: mchujo. Sina chuki.

#58 NjeYa18
Mechi tatu ni chache, mpe kumi.

#59 BekiMstaafu
Kumi ni theluthi ya ligi kaka. Ukija kugundua ugonjwa mechi ya kumi, mgonjwa anasomewa dua.

#60 MwalimuKaliua
FundiCherehani, zile jezi 31 bado zipo? Hapa shuleni tuna timu ya darasa la sita na la saba, wanacheza na mashati ya shule yaliyogeuzwa nje ndani ili refa awatofautishe na wenzao. Mashindano ya shule yanakuja. Watoto hawajui mambo ya umiliki. Kwao TABORA ni TABORA.

#61 FundiCherehani
Zipo mwalimu. Thelathini nzima na ile moja yenye kovu. Saizi ni za watu wazima lakini, zitawafika magotini.

#62 MwalimuKaliua
Wataingiza ndani ya kaptula. Bei?

#63 FundiCherehani
Nipe hela ya kitambaa tu, ufundi nimesamehe. Ila kumbuka kumi na moja zina CHIKOLA mgongoni.

#64 MwalimuKaliua
Kumi na moja kamili?

#65 FundiCherehani
Kumi na moja kamili mwalimu. Kikosi kizima, kuanzia kipa.

#66 BekiMstaafu
Refa akitaka kutoa kadi ataandika nani? 😂

#67 Mgebuka255
Na mtangazaji: Chikola anampasia Chikola, Chikola anampiga chenga… samahani, huyo kipa naye ni Chikola.

#68 DogoWaKiloleni
DogoWaKaliua mmoja akija kuchukuliwa na Yanga miaka kumi ijayo, SautiYaGongoni atasema alisema.

#69 SautiYaGongoni
Nitasema nilisema.

#70 FundiCherehani
Mwalimu, nazipakia kwenye basi la kesho asubuhi, kiroba cheupe kimefungwa kamba ya bluu. Ile yenye kovu nabaki nayo mwenyewe. Na risiti nimekuandikia, watu wa humu wasije wakanisema.

#71 MamaAsali
Mungu akubariki fundi. Mzee wa Cheyo, matobolwa yako nitakuwekea.

#72 HajiWaIpuli
Wakuu nimechelewa, nimeusoma uzi wote tangu posti ya kwanza. Mmeongea makocha, Chikola, pesa, mawese. Kwani golini msimu huu anakaa nani?